Fimbo inayolika ili boila yako ipone



Katika ukurasa huu wa usalama na afya tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malaria, maji ya kunywa, vumbi la mgodini na kofia ya kazi. Leo tunataka kuzungumza juu ya chombo kinachokaa kimya ukutani mwa bafu: boila, yaani pipa la umeme linalopasha maji moto. Na hasa juu ya kitu kimoja kilicho ndani yake, ambacho mtu anaweza kukaa nacho miaka kumi bila kukiona hata siku moja. Kitu hicho ni fimbo ya anodi.

Labda utauliza: mganga wa dispansari anaingiaje katika mambo ya fundi wa maji? Jibu ni jepesi. Boila ikiharibika, si chuma peke yake kinachoumia. Mtoto anaunguzwa na maji, baba anapigwa na umeme, mzee mwenye mapafu dhaifu anavuta mvuke mchafu. Hao wote tunawapokea sisi. Basi ni afadhali tuongee nanyi mapema, juu ya fimbo hii, kuliko kuongea nanyi baadaye mkiwa na bandeji mkononi.

KWA NINI PIPA LA CHUMA LINAOZA

Miezi ya Juni na Julai, usiku wa Katanga ni wa baridi, na mtu anayetoka kazini na vumbi mwilini anataka maji moto. Zamani kila nyumba ilipasha maji kwenye mbabula. Siku hizi nyumba nyingi zina boila ya lita 50 au 80, na kwenye bafu za wafanyakazi kuna mapipa makubwa zaidi. Mengi ya mapipa hayo yametengenezwa kwa chuma. Ndani, chuma kimepakwa kitu kigumu kama kioo, kinachofanana na rangi ya bakuli nyeupe za zamani ambazo mama zetu walizipenda.

Unajua bakuli lile likianguka: kipande cha rangi kinabanduka, chuma kinaonekana, na kutu inaanzia hapo hapo. Ndani ya boila ni vivyo hivyo. Hata boila mpya ina vitundu vidogo sana katika ule mpako, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Maji yanaingia katika vitundu hivyo, yanagusa chuma, na maji moto hula chuma upesi kuliko maji baridi. Pasipo ulinzi mwingine, pipa lingeweza kutoboka baada ya miaka michache tu.

Ulinzi huo mwingine ndio fimbo ya anodi. Ni fimbo nene kama kidole gumba, mara nyingi ya magnesi, yenye waya wa chuma katikati. Inaning'inia ndani ya maji, kichwa chake kikiwa kimefungwa kwenye chuma cha pipa.

WATU WA SHABA WANAIJUA KAZI HII

Wenzetu waliofanya kazi ya elektrolizi, pale Shituru kule Likasi ambako ilianza mwaka wa 1929, au pale Luilu kule Kolwezi ambako ilianza mwaka wa 1960, wanayajua maneno haya mawili: anodi na katodi. Katika kiwanda kile, umeme unaletwa kutoka nje. Unaingia kwa anodi za risasi, unapita katika maji ya asidi yenye shaba, na shaba inajipanga juu ya katodi. Anodi ya risasi inakaa muda mrefu, kwa sababu kazi yake si kulika.

Anodi ya boila ni ndugu wa ile, lakini tabia yake ni tofauti. Yenyewe haingoji umeme kutoka nje. Metali mbili zisizofanana, zikiwa katika maji yale yale na zikiwa zimeshikana, huzaa umeme mdogo zenyewe. Metali iliyo dhaifu inalika, na ile iliyo na nguvu inapona. Chukua betri ya zamani ya toshi. Kile kikopo chake cha zinki ndicho kinacholika ili taa iwake, na mwisho kinatoboka na kutoa uchafu ndani ya toshi. Ni jambo lile lile.

Ukipanga metali kutoka ile inayolika upesi hadi ile inayovumilia, utapata mstari huu: magnesi, alumini, zinki, chuma, risasi, shaba. Iliyo mbele katika mstari huu inaweza kumlinda aliye nyuma yake. Kwa hiyo zinki inalinda chuma cha mabati, yale manjanja yaliyo juu ya nyumba zetu. Ukiyakwaruza kidogo, mahali pa mkwaruzo hapaoti kutu upesi, maana zinki ya kando inalika kwanza. Na magnesi, ambayo iko mbele kabisa, inalinda chuma cha boila. Maji yanatafuta kitu cha kula, magnesi inajitoa, na chuma kinabaki.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka wa 1824 mtaalamu wa Uingereza, Humphry Davy, aliombwa aokoe merikebu za vita zilizofunikwa kwa mabamba ya shaba chini ya maji. Maji ya bahari yalikuwa yakila ile shaba. Davy aliunganisha vipande vya zinki au vya chuma na ile shaba, na shaba ikaacha kuliwa. Kulikuwa na shida moja: shaba isipolika, haitoi tena sumu yake kidogo kidogo, basi majani na wanyama wa baharini walishikamana na merikebu na kuipunguza mwendo. Lakini kanuni yenyewe ilikuwa imethibitika: metali moja inaweza kufa kwa ajili ya nyingine.

Tazama pia mahali pa shaba katika mstari ule. Iko nyuma ya chuma. Maana yake, tiyo ya shaba ikifungwa moja kwa moja kwenye pipa la chuma, anayeumia ni chuma. Sisi watu wa shaba tunaipenda metali yetu, lakini hapa tuwe macho. Kati ya tiyo ya shaba na boila, fundi aweke kiungo maalumu kinachotenga metali hizo mbili zisigusane. Kiungo hicho ni kidogo, lakini kinaongeza maisha ya boila na ya anodi pia.

ANODI INAISHA, NA HAIPIGI KELELE

Jambo la kushika leo ni hili: anodi imetengenezwa ili iishe. Ikiwa imelika, usiseme kwamba ni mbovu. Sema kwamba imefanya kazi. Shida ni kwamba inaisha kimya kimya. Siku magnesi ya mwisho imekwisha, maji yanaendelea kuwa moto, taa nyekundu inaendelea kuwaka, na wewe huna habari. Lakini tangu siku hiyo maji yanakula pipa lenyewe. Utakapoona tone la kwanza chini ya boila, mara nyingi ni kuchelewa. Pipa lililotoboka kwa kutu halishoneki. Utanunua boila nzima, wakati fimbo ingekugharimu sehemu ndogo tu ya bei hiyo.

Fimbo inakaa miaka mingapi? Mara nyingi ni kati ya 2 na 5, lakini usiitegemee hesabu hiyo peke yake. Maji yenye chumvi nyingi ndani yake yanapitisha umeme vizuri zaidi, na fimbo inalika upesi. Familia kubwa inatumia maji mengi, na maji mapya yanaingia kila mara. Maji yakipashwa moto kupita kiasi, ulaji unaongezeka. Na katika nchi yetu kuna mawe ya chokaa mahali pengi, kama yale ya Kakontwe karibu na Likasi. Maji yaliyopita katika mawe hayo huacha gamba jeupe, lile unaloliona chini ya sufuria ya chai. Gamba hilo linaweza kuivika fimbo yote na kuizuia isifanye kazi, hata ikiwa bado nene.

Kwa hiyo sheria ni moja: fungua na uangalie mara ya kwanza baada ya mwaka mmoja. Ukiona fimbo imelika kidogo tu, unaweza kungoja mwaka mwingine. Ukiona imelika nusu, badilisha. Hapo utakuwa umejua tabia ya maji ya mtaa wako.

DALILI UNAZOWEZA KUONA BILA KUFUNGUA

Maji mekundu au ya kahawia. Fungua robine ya maji moto, halafu ya maji baridi. Ikiwa zote mbili zinatoa maji mekundu, kutu inatoka kwenye tiyo za mtaa au za nyumba. Ikiwa ni robine ya maji moto peke yake, boila inaoza ndani.

Harufu ya yai bovu. Kuna vijidudu vinavyoishi katika maji fulani na vinavyotoa gesi yenye harufu hiyo, na magnesi inawasaidia kufanya hivyo. Watu wengine wanaondoa anodi kabisa ili harufu iishe. Usifanye hivyo, maana utakuwa umeliua pipa. Mwambie fundi asafishe boila kwa klorini na aweke anodi ya alumini iliyochanganywa na zinki.

Unyevu au kutu chini ya boila na kuzunguka bulo. Hiyo ni dalili ya kuita fundi leo, si kesho.

Maji yanayodondoka kwenye valvu ya usalama. Hapa sikilizeni vizuri. Maji yakipata moto yanavimba. Lita 80 zikitoka nyuzi 15 kwenda nyuzi 60 zinaongezeka karibu lita moja na robo, na lazima mahali pa kutokea papatikane. Valvu ile hufunguka wakati mgandamizo unapofika karibu bari 7. Basi kudondoka kidogo wakati boila inapasha maji ni kazi yake ya kawaida. Kuna watu wanaochukizwa na matone hayo na kuyaziba kwa kipande cha mti, kwa mpira au kwa kizibo. Ndugu, usizibe kamwe! Siku ambapo kidhibiti cha moto kitaharibika, maji yataendelea kuchemka bila njia ya kutokea, na boila itakuwa bomu ukutani mwa nyumba yako. Weka ndoo au mrija wa kupeleka matone kwenye mfereji. Na mara moja kwa mwezi zungusha kitufe cha valvu hiyo maji yatoke kidogo, ili gamba la chokaa na vipande vya kutu visiikwamishe.

KABLA YA KUFUNGUA: HATARI TATU

Ikiwa nyumba ni ya kompanyi, usifungue wewe mwenyewe. Peleka habari kwa watu wa matengenezo, nao watume fundi. Mapipa makubwa ya bafu za wafanyakazi nayo si kazi ya kila mtu. Yana anodi zaidi ya moja na yana daftari lake. Lakini ikiwa boila ni yako na unajua kushika kle, au ukitaka kumsimamia fundi uliyemlipa, yajue haya.

Hatari ya kwanza ni umeme. Mgodini huwezi kufungua mashine bila kuweka kufuli lako na kibao chako. Kwa nini nyumbani ufanye vingine? Kata umeme wa boila kwenye kisanduku cha umeme, weka karatasi yenye maandishi «Usiwashe, kuna mtu kazini», na mwambie kila mtu aliye nyumbani. Halafu pima kwa kipimo kama kweli umeme haupo. Na hapa kuna mtego mkubwa. Umeme wa mtaa ukikatika, mtu anasema: «Leo hakuna umeme, ni nafasi nzuri ya kufungua boila.» Umeme wa mtaa unarudi bila kupiga hodi. Hata gizani, kata kwanza kwenye kisanduku chako.

Hatari ya pili ni maji moto. Boila imevikwa blanketi ndani ya kasha lake, na inashika joto saa nyingi, hata siku nzima baada ya umeme kukatika. Kwenye dispansari moja tulimpokea baba mmoja aliyefungua bulo za chini jioni, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Alidhani maji yamepoa. Yalimwagika juu ya mkono na paja, naye alikaa wiki kadhaa bila kwenda kazini. Maji ya nyuzi 60 yanahitaji sekunde 5 hivi tu kumuunguza vibaya mtu mzima. Ngozi ya mtoto ni laini, haihitaji hata hizo.

Hatari ya tatu ni uzito. Boila ya lita 80 ina kilo 80 za maji, mbali na chuma chake. Ikiwa ukuta ni wa zamani, au misumari imeoza, usivute kle kwa nguvu ya ng'ombe. Mwita mwenzako akusaidie kushika.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

1. Kata umeme, weka kibao, pima.

2. Wapeleke watoto mbali. Fungua robine ya maji moto na uache maji baridi yaingie na kuyasukuma yale ya moto, mpaka yanayotoka yawe baridi kabisa mkononi. Usiyapoteze, mama atafulia nguo. Lakini ndoo za maji moto zisikae sakafuni pasipo mtu.

3. Sasa funga maji baridi yanayoingia kwenye boila. Acha robine ya maji moto wazi, ili hewa iingie na mgandamizo uishe.

4. Angalia anodi iko wapi. Kwa boila nyingi za ukutani, imefungwa chini, kwenye kifuniko cha duara pamoja na chombo cha kupashia maji. Hapo lazima utoe maji yote kwa valvu ya usalama. Kwa nyingine, kichwa cha anodi kiko juu peke yake, kama bulo kubwa. Hapo kutoa lita chache kunatosha.

5. Kabla ya kuchomoa waya wowote, chora kwenye karatasi ulivyofungwa. Waya wa ardhini, wenye rangi ya kijani na manjano, usisahauliwe kamwe wakati wa kurudisha.

6. Legeza bulo kidogo kidogo, moja upande huu, nyingine upande wa pili. Kifuniko kinaweza kuwa na matope mazito juu yake. Weka beseni chini, na uso wako usiwe chini ya kifuniko.

7. Toa matope na magamba yaliyolala ndani ya pipa. Tumia mkono wenye glavu na kipande cha mti au plastiki. Usikwangue kwa chuma, maana utaubandua ule mpako wa kioo.

8. Itazame fimbo. Ikiwa unene wake umepungua nusu, badilisha. Ikiwa waya wa katikati unaonekana, badilisha leo hii. Ikiwa ni nene lakini imevikwa gamba gumu jeupe, ikwangue. Gamba likikataa kutoka, badilisha. Ikiwa imekaa miaka bila kulika hata kidogo, usifurahi. Huenda haishikani na chuma cha pipa, basi haifanyi kazi. Safisha mahali inapofungwa, na kama ina waya wake mdogo wa kuiunganisha na pipa, hakikisha umekaza.

9. Weka fimbo ya kipimo kile kile, na mpira mpya wa kuzibia. Mpira wa zamani ukiurudisha, utavuja.

10. Funga bulo zote sawasawa, kwa kupokezana. Fungua maji baridi na uache robine ya maji moto wazi, mpaka maji yatoke bila kutema hewa. Angalia kama hakuna mahali panapovuja. Ndipo, na ndipo tu, urudishe umeme. Ukiwasha umeme wakati pipa ni tupu, chombo cha kupashia kitaungua mara moja.

11. Andika tarehe juu ya kasha la boila kwa rangi: mwezi na mwaka. Mtu atakayekuja nyuma yako atakushukuru.

Fimbo ya zamani usiitupe kwenye moto wala kwenye mbabula, na usiisage. Unga na vipande vyembamba vya magnesi vinawaka kwa mwanga unaoumiza macho, na ukimwagia maji moto unazidi. Waambie watoto pia.

BOILA NYINGINE HAZINA ANODI HII

Boila za chuma kisichoshika kutu, na zile za shaba, mara nyingi hazina fimbo. Nyingine zina fimbo ya titani inayolishwa umeme mdogo na haiishi. Hiyo ni nzuri mahali ambapo umeme haukatiki. Lakini umeme ukikatika muda mrefu, ulinzi wake nao unasimama, wakati fimbo ya magnesi inaendelea na kazi usiku na mchana bila kumwomba mtu umeme. Soma karatasi iliyokuja na boila yako, au kibao kilichobandikwa juu yake.

AFYA: MAMBO MANNE YA NYONGEZA

Joto la maji. Weka kidhibiti kwenye nyuzi 60. Kuna kijidudu kinachoitwa legionela, kilichojulikana baada ya watu wengi kuugua mapafu huko Philadelphia, Marekani, mwaka wa 1976. Kinapenda maji ya nyuzi 20 hadi 45, na matope ya kutu na chokaa ni kitanda chake. Mtu hakipati kwa kunywa kawaida, bali kwa kuvuta matone madogo ya maji ya bafu. Kinawashambulia zaidi wazee, wavuta sigara na wale ambao mapafu yao yaliumizwa na vumbi la kazi. Pipa safi, lenye anodi nzima na maji ya nyuzi 60, halikipi nafasi. Kwa kuoga, changanya na maji baridi. Tia maji baridi kwanza katika beseni la mtoto, kisha ya moto, na upime kwa kiwiko.

Maji ya kunywa. Maji ya boila yameyeyusha metali kuliko maji baridi. Usiyatumie kwa kunywa wala kwa maziwa ya mtoto mchanga. Chota maji baridi, uyachemshe.

Ukirudi kutoka likizo. Magnesi ikilika, inatoa gesi ya hidrojeni. Maji yasipotumiwa wiki mbili au zaidi, gesi inaweza kukusanyika juu ya pipa. Ukirudi, fungua robine ya maji moto dakika chache, madirisha wazi, bila sigara, bila mshumaa, bila mbabula karibu. Ukisikia robine inapumua kwa nguvu, ngoja iishe.

Ajali ikitokea. Mtu akiunguzwa, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Vua pete na saa kabla ya mkono kuvimba. Usipake dawa ya meno, mawese, unga wala yai. Hayo yanashika joto na kuleta uchafu. Funika kwa kitambaa safi, na mlete dispansari. Mtu akishikwa na umeme, usimguse: kata umeme kwanza. Kama huwezi kuukata, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama mahali pakavu, kisha ita msaada. Hata akiamka na kusema hana neno, mlete tumwangalie, maana umeme unaweza kuusumbua moyo baada ya muda.

TUSHIKE HAYA

Anodi inalika ili pipa lisilike.

Iangalie kila mwaka; ikipungua nusu, ibadilishe.

Kata umeme kwenye kisanduku chako, hata kama mtaa mzima uko gizani.

Usifungue kabla maji hayajapoa.

Valvu ya usalama haizibwi.

Mgodini tumejifunza kuangalia kamba kabla haijakatika na nguzo kabla haijaanguka. Hatungoji ajali itufundishe. Basi nyumbani nako tuwe na desturi hiyo hiyo. Jumamosi moja kabla ya baridi, saa mbili za kazi kwa utaratibu, fimbo mpya na mpira mpya, na familia yako itaoga kwa amani.